Prades, chini ya Mlima Canigou: panga safari kwa saa za mji

Ukifika Prades Jumapili jioni bila chochote kwenye begi, jiandae kulala na njaa. Maduka yameshafungwa tangu mchana, mikahawa mingi haipiki usiku huo, na usafiri wa kukupeleka kwingine ni wa shida. Si kwamba watu wa pale hawapendi wageni. Mji una saa zake, na mgeni anayezijua atakula vizuri, atapata kiti cha dirishani kwenye treni ya milimani, na atakuwa ameshuka mlimani kabla radi hazijaanza. Asiyezijua atazunguka mbele ya milango iliyofungwa, kisha atarudi nyumbani akisema mji ule hauna kitu. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kufuata saa hizo.

Prades iko kusini kabisa mwa Ufaransa, kilomita kama 45 kutoka Perpignan, katika bonde la mto Têt. Wakazi wake ni kama elfu sita. Mji upo mita 350 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na kusini yake umesimama Canigou, mita 2,784, kwa hiyo mlima unauona karibu wote kwa jicho moja, kuanzia mashamba ya matunda hadi mawe ya kileleni. Hadi karne ya 18 wengi waliamini kwamba ndio mrefu kuliko yote katika milima ya Pirenei. Haupo hata karibu: Aneto, upande wa Hispania, una mita 3,404. Kinachodanganya macho ni kwamba Canigou unachomoza ghafla, peke yake, karibu na bahari.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Machi mipichi ya bondeni huchanua maua ya rangi ya waridi huku theluji ikiwa bado juu. Ni wakati mzuri kwa mpiga picha, mbaya kwa mpanda mlima. Mei na Juni kijani kimejaa na hewa ni nzuri, ila theluji huweza kubaki karibu na kilele hata Juni ikiwa imeanza. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Juni Wakatalani, watu wenye lugha na utamaduni wao pande zote mbili za mpaka wa Ufaransa na Hispania, huwasha moto kileleni kwa ajili ya Mtakatifu Yohane. Mwali wake hutunzwa mwaka mzima kwenye Castillet, lango la zamani la mji wa Perpignan, hupandishwa mlimani, kisha hushushwa ukawashe mioto ya vijijini. Kama tarehe zako zinaruhusu, ufuate moto huo, ukijua kwamba vyumba vitakuwa haba.

Mwisho wa Julai hadi Agosti kuna tamasha la muziki la Pablo Casals, na Agosti hiyo hiyo Wakatalani hukusanyika mjini kwa chuo chao cha kiangazi. Mji unajaa, joto ni kali, bei za malazi zinapanda. Mimi ningechagua Septemba: wageni wa Agosti wameondoka, njia za mlimani ni kavu, mizabibu inavunwa. Majira ya baridi yaache, isipokuwa unataka theluji hasa.

Msimu wowote, beba jaketi la kukinga upepo. Tramontane, upepo mkavu kutoka kaskazini-magharibi, ukianza unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, anga ikiwa bluu kabisa na jua linawaka. Mgeni anachungulia dirishani, anavaa fulana, anatoka, kisha anarudi mbio.

Hatua ya 2: Viza, na mapema

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usitegemee hizo siku 15: miadi ya kupeleka makaratasi na kuchukuliwa alama za vidole hujaa, hasa kuelekea kiangazi. Ukiomba miezi mitatu kabla, utalala usingizi bila wasiwasi.

Watakachokagua ni bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 inayokubalika Schengen nzima, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, uthibitisho wa kazi au biashara, tiketi ya kurudi iliyowekwa, na mahali pa kulala kila usiku. Hapo pa kulala ndipo watu hukwama. Ukilala hotelini, leta uthibitisho wa hoteli. Ukilala kwa ndugu, ndugu huyo lazima aende ofisi ya meya wa mji wake kuomba hati ya kumpokea mgeni, inayoitwa attestation d'accueil, ailipie, kisha akutumie ya asili. Barua aliyoiandika mwenyewe, hata iwe na upendo kiasi gani, haitoshi.

Anayeishi Oman, Emirates au Uingereza huomba katika nchi anayoishi, akionyesha kibali chake cha ukaazi. Mwenye kibali halali cha ukaazi wa nchi ya Schengen haombi kitu, ila asafiri na kibali na pasipoti vyote viwili. Tena, hata kama ndege yako inatua Barcelona, omba viza kwa Ufaransa kama huko ndiko utakakolala usiku mwingi zaidi.

Hatua ya 3: Kufika

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni Paris, ambako kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi. Kutoka stesheni ya Gare de Lyon treni ya kasi hukufikisha Perpignan kwa muda wa saa tano hivi. Wa pili ni Barcelona, unakofika kwa kubadilisha ndege Doha, Dubai au Istanbul, na kutoka huko treni ya kasi hadi Perpignan huchukua kama saa moja na nusu tu. Kwa ramani, Barcelona ndiyo karibu. Kasoro yake ni kwamba treni za kuvuka mpaka ni chache kwa siku, ukiikosa moja unakaa sana kusubiri nyingine. Njia zote mbili tiketi hupanda bei kadiri siku zinavyokaribia, kwa hiyo nunua mara tu viza itakapotoka.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni wanapoingia, na mstari unaweza kuwa mrefu. Usiweke treni saa moja baada ya ndege kutua.

Perpignan una stesheni ambayo mchoraji Salvador Dalí alidai ndiyo kitovu cha dunia. Wewe hapo unabadilisha tu. Tafuta treni ndogo ya mkoa inayoelekea Villefranche–Vernet-les-Bains, ushukie Prades–Molitg-les-Bains, mwendo wa dakika 45 hivi. Treni hizo si nyingi, na njia ikiwa kwenye matengenezo huwekwa basi badala yake. Yapo pia mabasi ya mkoa yanayopanda bonde hilohilo kwa nauli ndogo. Angalia ratiba ya liO, usafiri wa umma wa mkoa wa Occitanie, usiku wa kuamkia safari, kisha angalia tena asubuhi. Jitahidi kuwa Perpignan kabla ya saa kumi na moja jioni. Unaposoma ratiba zao kumbuka wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane: 17:00 ndiyo hiyo saa kumi na moja yetu.

Siku nzuri ya kufika ni Jumatatu alasiri. Maduka mengi madogo hufungwa Jumatatu, lakini supamaketi zinakuwa wazi, utapata mkate, jibini na matunda ya usiku huo, na ukiamka ni siku ya gulio.

Hatua ya 4: Pa kulala

Tafuta nyumba iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Place de la République, uwanja wenye kanisa. Usidanganywe na picha ya bwawa la kuogelea iliyoandikwa "Prades" kumbe nyumba iko kijiji cha juu, kilomita sita kwa kupanda, na wewe huna gari. Hoteli ni chache. Kinachopatikana zaidi ni chumba katika nyumba ya familia pamoja na kifungua kinywa, chambre d'hôtes kwa jina lao, au nyumba ndogo ya kujipikia, gîte. Wawili au familia, jikoni lako mwenyewe litakuokoa na zile saa za mikahawa nitakazozisema.

Mwandikie mwenye nyumba saa utakayofika. Watu wengi wa pale wanapokea wageni wenyewe, mlango kwa mlango, na akikusubiri saa mbili bila habari umeanza vibaya. Kuna kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku, isikushangaze kwenye hesabu. Plagi zao ni za matundu mawili ya mviringo, siyo za pini tatu bapa tulizorithi kwa Waingereza, kwa hiyo nunua adapta kabla ya kuondoka. Umeme ni volti 230, simu yako itachaji bila shida.

Kaa angalau siku nne. Wanaokuja kwa siku moja kutoka Perpignan huona uwanja na kanisa, hula aiskrimu, wakapanda basi.

Hatua ya 5: Jumanne asubuhi, gulio

Amka mapema. Kufikia saa tatu asubuhi uwanja na mitaa inayouzunguka imeshajaa meza: pichi, nektarini na aprikoti nyekundu za Roussillon wakati wa kiangazi, jibini za mbuzi, asali ya mlimani, zeituni kwenye mapipa, vitunguu vya kusuka, sabuni, vikapu, nguo. Kufikia saa saba mchana wanafungasha, na muda mfupi baadaye hujui hata kama palikuwa na soko. Beba pesa taslimu za noti ndogo, na mfuko wako.

Salimia kwanza. Ukisogea mezani ukasema bei gani bila bonjour, utajibiwa kwa ubaridi na utadhani ni ubaguzi. Kwao kuanza na hoja kabla ya salamu ni ukosefu wa adabu, kama ilivyo kwetu. Bonjour madame, bonjour monsieur, ndipo ombi. Ukitoka dukani hata bila kununua, aga: au revoir. Ukiongeza bon dia, salamu ya Kikatalani, kwa mzee anayeuza asali, uso utafunguka. Msomaji wa Goma, Bukavu au Lubumbashi mwenye Kifaransa chake atakuwa na raha kuliko sisi wengine, kwani Kiingereza hapa hakifiki mbali. Kupunguziana bei hakupo, ila mwisho wa soko muuzaji wa matunda anaweza kukuongezea mawili matatu mwenyewe.

Usishike matunda bila ruhusa. Unaonyesha kwa kidole, anachagua yeye. Atakuuliza utakula leo au kesho, na jibu lako ndilo litaamua pichi gani anakupa.

Soko likianza kuisha ingia kanisa la Mtakatifu Petro lililo hapo hapo uwanjani. Nje ni mnara wa kengele wa karne ya 12, mkavu, wa mawe. Ndani nyuma ya altare kuna ukuta mzima wa mbao uliochongwa na kupakwa dhahabu, sanamu zaidi ya mia moja zimepangwa hadi darini, kazi ya Mkatalani Josep Sunyer aliyoifanya kati ya 1696 na 1699. Husemwa kuwa ndiyo kubwa ya aina yake Ufaransa nzima. Subiri macho yazoee giza.

Ukikaa kwenye mabenchi yale, ujue ulimwengu wa muziki ulikuja hapa kwa sababu mtu mmoja alikataa kutoka. Pablo Casals, mpiga selo (ala kama fidla kubwa) aliyezaliwa 1876 Katalunya ya upande wa Hispania, alivuka mpaka mwaka 1939 baada ya jamhuri ya Hispania kushindwa vitani na Jenerali Franco, pamoja na mamia ya maelfu ya wakimbizi waliopita milima hii. Akaweka makazi Prades. Alitumia muda na fedha zake kusaidia Wahispania waliofungiwa kwenye kambi za pwani. Vita vya dunia vilipoisha na mataifa makubwa yakamwacha Franco madarakani, Casals aliacha kupiga muziki hadharani. Mwaka 1950, ilipotimia miaka 200 tangu mtunzi wa muziki Bach afariki, wanamuziki wenzake akina Isaac Stern, Rudolf Serkin na Clara Haskil wakamfuata yeye. Tamasha la kwanza lilifanyika ndani ya kanisa hili. Limeendelea hadi leo, ingawa sehemu kubwa ya maonyesho imehamia kwenye abasia, nyumba ya watawa, ya Hatua ya 7. Maktaba ya mji ina sehemu yenye kumbukumbu zake, uliza ofisi ya utalii siku na saa za kufunguliwa.

Utaona majina ya mitaa kwa lugha mbili na bendera za njano zenye mistari myekundu. Eneo hili lilikuwa la mfalme wa Hispania hadi mkataba wa 1659, na Ukatalani haukuondoka na mkataba. Angalia na chini pia: kingo za barabara ni za marumaru ya waridi kutoka Villefranche, jiwe ambalo kwingine lingewekwa ikulu. Tukitaja ikulu, Jean Castex alikuwa meya wa mji huu hadi alipoteuliwa Waziri Mkuu wa Ufaransa Julai 2020.

Hatua ya 6: Kula

Mchana wanakula kati ya saa sita na saa nane kasoro. Ukifika saa nane na robo jiko limezimwa, hakuna kubembeleza. Usiku ni kuanzia saa moja hadi saa tatu. Chakula cha mchana ndicho cha thamani: uliza plat du jour, sahani ya siku, ambayo ni nafuu kuliko kuagiza usiku. Maji ya bomba ni salama, na ukiomba une carafe d'eau utaletewa jagi bure, usinunue chupa kwa aibu.

Wanaokula halali wasome aya hii vizuri. Jikoni la Kikatalani lina nguruwe karibu kila mahali, hata pasipoonekana. Boles de picolat, mipira ya nyama kwenye mchuzi wa uyoga na zeituni, kwa kawaida huchanganya ng'ombe na nguruwe. Soseji za boutifarre ni nguruwe. Mchuzi unaweza kupikwa kwa mvinyo. Uliza kama kuna nguruwe ndani: c'est avec du porc? Lakini huhitaji kushinda na mkate mkavu. Escalivada ni bilinganya na pilipili hoho za kuchoma zilizomenywa na kutiwa mafuta ya zeituni. Mkate wa kusugua nyanya na kitunguu saumu unajaza tumbo. Anchovi za Collioure, samaki wadogo waliokolezwa chumvi, zitampendeza aliyezoea dagaa. Kwa utamu kuna rousquilles, biskuti laini za mviringo zenye sukari nyeupe juu. Nyama ya halali utapata Perpignan, wenye Waislamu wengi na bucha zao. Nunua njiani ukiwa na jikoni, uhifadhi kwenye friji.

Eneo hili linajulikana kwa mvinyo mtamu wa Muscat de Rivesaltes. Ukikaribishwa na hunywi, sema je ne bois pas, merci, na mambo yanaishia hapo.

Hatua ya 7: Jumatano, Saint-Michel de Cuxa kwa miguu

Abasia hii iko kilomita tatu hivi kusini mwa mji, njia ya kupita Codalet na mashamba ya matunda, mlima ukiwa mbele yako muda wote. Ondoka saa tatu asubuhi. Ukichelewa utafika wakati wa kufunga mchana, na kivuli njiani si kingi.

Kanisa lake liliwekwa wakfu karne ya 10, na ndani utaona matao ya umbo la kiatu cha farasi ambayo yatamkumbusha mtu kazi za Waislamu wa Andalusia. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa watawa walifukuzwa, na nguzo za marumaru za ule ukumbi unaozunguka ua zikatawanyika, nyingine zikaishia kwenye nyumba na bustani za watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchongaji wa Kimarekani, George Grey Barnard, akanunua nyingi. Leo ziko New York, katika jumba la makumbusho la The Cloisters lililofunguliwa 1938. Utakachoona Cuxa ni sehemu iliyobaki na iliyorudishwa. Kaa mbele ya vichwa vya nguzo, utazame simba na nyani na watu waliochongwa, halafu ujiulize mwenyewe kama ununuzi ule ulikuwa uokoaji au uporaji. Sisi tunaodai mali zetu kwenye makumbusho ya Ulaya tunalo neno la kusema hapo.

Wanaoishi humo tangu 1965 ni watawa Wabenedikto waliotoka abasia ya Montserrat, Hispania, shirika lile lile ambalo Watanzania wanalijua kupitia Peramiho na Ndanda. Vaa kwa heshima, sauti chini.

Alasiri, kama miguu inaruhusu, nenda Eus, kijiji cha mawe kilichopanda kilima upande wa pili wa mto. Ni mwendo wa kupanda na kushuka ngazi, na kanisa liko juu kabisa. Kutoka hapo Canigou unaonekana kuliko mahali popote bondeni. Nenda saa kumi jioni jua likiwa limelegea.

Hatua ya 8: Alhamisi, Treni ya Njano

Treni hii inaanzia Villefranche-de-Conflent, kilomita sita juu ya Prades, unakofika kwa treni au basi dogo. Hupanda kilomita 63 hadi Latour-de-Carol kwa karibu saa tatu, ikipita stesheni ya Bolquère-Eyne, ambayo kwa mita karibu 1,593 ndiyo ya juu kuliko zote za shirika la reli la Ufaransa. Inaendeshwa kwa umeme wa maji ya mlima huohuo, tangu ilipoanza kazi 1910. Umeme unapita kwenye reli ya tatu pembeni ya njia, chini, mahali ambapo mguu unaweza kufika. Usivuke reli popote pasipo kivuko, na mshike mtoto mkono.

Safari hupita daraja la kuning'inia la Gisclard. Mhandisi Albert Gisclard aliyelibuni alikufa karibu nalo Oktoba 1909, treni ya majaribio ilipokosa breki, pamoja na watu wengine watano. Daraja lenyewe halikuwa na kosa, na bado linabeba treni.

Panda ya asubuhi. Kiangazi huwekwa mabehewa ya wazi, ambayo hujaa kwanza, kwa hiyo fika stesheni angalau nusu saa kabla. Vituo vidogo ni vya kuomba: mwambie kondakta mapema unaposhukia, na ukiwa unangoja nje, inua mkono dereva akuone. Huna haja ya kwenda hadi mwisho. Mimi naona Mont-Louis inatosha: mji mdogo ndani ya ngome ya Vauban, mhandisi wa kijeshi wa mfalme Louis wa 14, mita 1,500 na zaidi, wenye tanuri la jua lililojengwa 1949 na Félix Trombe, la kwanza la aina yake duniani. Vioo hukusanya jua mahali pamoja hadi chuma kinayeyuka. Watoto hawasahau. Hakikisha saa ya treni ya kurudi kabla hujatoka stesheni, kwa kuwa ni chache na juu kule jioni ni baridi hata Agosti.

Ukirudi Villefranche, tembea ndani ya kuta. Ngome ya Libéria iliyo juu yake inafikiwa kwa ngazi za chini kwa chini, 734. Panda kwa gari la ngome, shuka kwa ngazi. Anayefanya kinyume chake atayalilia magoti yake.

Hatua ya 9: Mlima

Hapa amua kwa ukweli. Kama hujazoea, nenda Saint-Martin du Canigou. Ni abasia ya mwanzoni mwa karne ya 11 iliyokaa juu ya mwamba, mita 1,055, na magari ya wageni hayafiki. Kutoka kijiji cha Casteil unapanda kwa miguu njia ya saruji yenye mwinuko mkali, kama dakika 45. Unaingia kwa kuongozwa tu, kwa saa maalumu, na Januari hufungwa. Hakikisha ratiba kwanza, maana kupanda vile na kukuta mlango umefungwa kunauma.

Kama unataka kilele, njia ya kawaida hupitia nyumba ya wapanda mlima ya Cortalets, mita 2,150. Watu hukodi gari la mlimani kutoka bondeni hadi karibu na hapo, hulala, kisha hupanda alfajiri kwa muda wa saa mbili. Weka kitanda mapema. Njia ya upande wa pili kupitia Mariailles inamalizikia kwenye ufa wa mwamba unaohitaji mikono, si ya anayeogopa urefu.

Aliyepanda Kilimanjaro asiudharau. Hapa hewa haitakusumbua. Kinachoua ni radi za alasiri za kiangazi, ukungu unaoshuka bila kuaga, na mabaki ya theluji ngumu mwanzoni mwa msimu. Uwe umeanza kushuka kabla ya saa sita mchana. Viatu vyenye kushika, maji lita mbili, nguo ya joto, kofia. Mwambie mwenye nyumba njia unayoifuata. Namba ya dharura ni 112, hata simu ikiwa haina salio.

Hatua ya 10: Kuondoka

Usiondoke Prades siku ya ndege. Rudi Perpignan siku moja kabla kama unaruka kutoka Barcelona, au ulale Paris kama unaruka kutoka huko. Kutoka Gare de Lyon hadi uwanja wa Charles de Gaulle unapanda RER (treni za jiji na vitongoji) A au D hadi Châtelet–Les Halles, unabadilisha kwa RER B, na kwa mizigo hesabu saa moja na nusu bila haraka. Asali na mvinyo viweke kwenye begi la chini. Ukiziacha mkononi, watu wa ukaguzi watazitupa mbele yako. Rousquilles zinaruhusiwa kubebwa mkononi, lakini husagika, kwa hiyo ziombe kwenye boksi la bati.